Mwanzo wa Uhai, Tiba na Saikolojia: Maswali ya Kimaadili Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wanafunzi wa uuguzi na udaktari, kutoka kwa wazazi waliokesha nje ya wadi za watoto njiti, na kutoka kwa watu wasio na kazi yoyote hospitalini ambao siku moja walijikuta wakitakiwa kuamua jambo kwa niaba ya mtu asiyeweza kusema. Karibu yote yanarudi mahali pamoja: ni nani anayemsemea asiye na sauti, na tutajuaje kwamba anamsemea yeye badala ya kujisemea mwenyewe. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, namba ya swali imetajwa.

## Misingi

1. Swali la kimaadili lina tofauti gani na swali la kitabibu au la kisheria?

Tuseme mtoto amezaliwa mimba ikiwa na wiki 26, ana uzito wa gramu 800, na mapafu yake hayajakomaa. Swali la kitabibu ni kama mashine ya kupumulia inaweza kumsaidia, na matumaini ni makubwa kiasi gani. Swali la kisheria ni nani mwenye mamlaka ya kuikubali au kuikataa tiba hiyo. Swali la kimaadili ni kama inatupasa kuitumia, na ni sababu gani tunayoweza kumpa mama yake tukiwa tumeketi mbele yake. Daktari bingwa anaweza kulijibu la kwanza bila kusita na bado akakwama kabisa katika la tatu, kwa sababu hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayolijibu.

Tangu mwaka 1979 wanafunzi wengi wa maadili ya tiba wamefundishwa kanuni nne: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na kugawa huduma kwa haki. Kanuni hizo zinasaidia kumbukumbu, lakini hazisemi ipi itangulie zinapogongana, na kazi yote ngumu huanzia hapo zinapogongana. Mwanafunzi anayezikariri akadhani amemaliza kufikiri ndiye ninayemhofia zaidi kuliko yule asiyezijua.

2. Je, uhai, ubinadamu na utu ni kitu kimoja?

Hapana. Seli ya ngozi yangu ina uhai na ni ya binadamu, lakini ikipukutika nikiwa naoga hakuna anayekaa matanga. Kwa hiyo anayesema kwamba kiinitete, yaani mimba katika siku zake za mwanzo kabisa, ni hai na ni cha binadamu amesema kweli, ila bado hajathibitisha kwamba kina haki zile zile alizo nazo msomaji. Wanafalsafa hukiita kinachotafutwa hapa hadhi ya kimaadili, yaani kile kinachomfanya kiumbe awe na madai juu yetu.

Wapo wanaoifunga hadhi hiyo na uwezo wa kujitambua. Mwanafalsafa Peter Singer wa Australia ni mfano unaojulikana. Amefuata hoja hiyo hadi kusema kwamba mtoto mchanga hajawa nafsi kwa maana kamili. Kiswahili kinanionyesha njia nyingine. Sisi tunasema “hana utu” juu ya mtu mzima aliyemtesa mnyonge. Sijawahi kumsikia mtu akisema hivyo juu ya mtoto mchanga, wala juu ya mzee aliyepoteza kumbukumbu. Katika lugha yetu anayeweza kupungukiwa na utu ni yule mwenye uwezo wa kutenda, na kipimo chake ni namna anavyomtendea asiyeweza. Hilo halimalizi mjadala, maana lugha si ushahidi wa kutosha, lakini linabadilisha upande ambao swali linaelekezwa.

3. Ridhaa ni nini hasa? Si sahihi tu kwenye fomu?

Sahihi ni alama ya ridhaa, kama risiti ilivyo alama ya malipo. Ridhaa yenyewe inahitaji mambo matatu: mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, awe na uwezo wa kuamua, na aamue bila kushurutishwa. Fomu ya Kiingereza iliyowekwa kidole gumba na mama aliyeishia darasa la nne, huku muuguzi akimwambia “weka hapa, mama, daktari anasubiri,” haina hata moja kati ya matatu hayo kwa uhakika.

Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Ni kweli juu ya maiti. Shida ni kwamba methali hiyo hutumika pia, bila kutamkwa, kwa wagonjwa walio hai: kwa sababu amelala, kwa sababu ni maskini, kwa sababu “hataelewa.” Kanuni ya Nuremberg ya mwaka 1947, iliyoandikwa baada ya kesi ya madaktari wa Kinazi, ilianza kwa kusema kwamba ridhaa ya hiari ya mtu anayefanyiwa utafiti ni lazima kabisa. Kanuni hiyo haikusema vya kutosha juu ya watoto, na ndiyo maana maswali ya 8, 12 na 16 yapo.

## Mwanzo wa uhai

4. Maisha ya binadamu yanaanza lini?

Biolojia inaeleza hatua. Haituambii ni hatua ipi yenye uzito. Mbegu ya baba ikiungana na yai la mama, hupatikana seli moja yenye mpangilio wa jeni ambao haukuwapo kabla. Kufikia siku ya tano au ya sita imekuwa kifuko kidogo cha seli. Karibu na siku ya saba kifuko hicho huanza kujipachika katika ukuta wa mji wa mimba, na kwenye siku ya 14 au 15 hutokea mstari mwembamba unaoonyesha mgongo utakaa upande gani. Viinitete vingi hupotea kabla mwanamke hajajua kwamba ameshika mimba.

Wanaosema kwamba mtu huanza pale mbegu na yai vinapoungana wana hoja nzito: baada ya hapo ukuaji ni mfululizo, na kila mpaka unaowekwa baadaye unaonekana umewekwa kwa sababu unatufaa sisi. Wanaopinga huwataja mapacha wanaofanana. Katika wiki mbili za kwanza kiinitete kimoja kinaweza kugawanyika kikawa viwili. Kama siku ya tatu palikuwa na mtu mmoja, je, amekufa, amegeuka wawili, au hakuwa amefika bado? Swali hilo si la kuchezea maneno, na litarudi katika swali la 17.

Dini nazo hazikusema kwa sauti moja. Kanisa Katoliki leo hufundisha kwamba uhai wa binadamu ulindwe tangu mimba kutungwa, ingawa Thomas wa Akwino, akimfuata Aristotle, aliamini kwamba roho ya kiakili huja baadaye, bila kwa hilo kuhalalisha utoaji mimba. Wanazuoni wengi wa Kiislamu, wakiitegemea hadithi inayotaja vipindi vitatu vya siku 40, husema roho hupuliziwa siku ya 120. Wengine huisoma hadithi hiyo kuwa siku 40. Hata hao wa siku 120 hawakusema kwamba kabla ya hapo mimba si kitu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 26, inasema waziwazi kwamba maisha ya mtu huanza mimba inapotungwa.

Kwa maoni yangu, watu wawili wanaweza kukubaliana juu ya kila siku na kila seli, kisha wakaachana palepale wanapoulizwa: basi tunamdai nini mama mwenye mimba hiyo, na nani atamsaidia kulilipa deni hilo?

5. Kwa nini utafiti juu ya viinitete uliwekewa mpaka wa siku 14?

Baada ya Louise Brown kuzaliwa Uingereza Julai 1978, akiwa mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, ilibidi mtu aseme viinitete vilivyomo maabara vifanyiwe nini. Kamati iliyoongozwa na mwanafalsafa Mary Warnock ilitoa taarifa yake mwaka 1984 na kupendekeza siku 14, na sheria ya mwaka 1990 ikaufuata mpaka huo. Sababu iliyotajwa ni ule mstari wa mgongo (tazama swali la 4): ukishatokea, kwa kawaida kiinitete hakigawanyiki tena kuwa mapacha, na mfumo wa neva bado haujaanza.

Mpaka huo ulidumu kwa utulivu kwa sababu moja rahisi, kwamba hakuna aliyeweza kukiweka kiinitete hai maabara kwa siku zote hizo. Mwaka 2016 watafiti walikaribia kabisa, wakafika siku ya 12 na ya 13. Mwaka 2021 jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, ikaliondoa sharti hilo katika orodha ya mambo yaliyokatazwa moja kwa moja. Mpaka unaosogezwa siku ile ile mtu anapoufikia unatia shaka, na wanaotaka usogezwe wanapaswa kueleza utasimama wapi baada ya hapo.

6. Sheria ikiruhusu au ikikataza utoaji mimba, je, swali la kimaadili limekwisha?

Halijaisha, na ushahidi ni kwamba sheria za nchi jirani zinatofautiana ilhali akina mama wake wanafanana. Katiba ya Kenya hukataza isipokuwa mtaalamu wa afya aone kwamba pana dharura au kwamba maisha au afya ya mama imo hatarini. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaadhibu utoaji mimba usio halali, huku ikiacha nafasi ya upasuaji wa kuokoa maisha ya mama. Rwanda mwaka 2018 ilipanua ruhusa kwa aliyebakwa, kwa aliyeozwa kwa nguvu na kwa msichana aliye bado mtoto.

Kwa upande wa falsafa, hoja mbili zinastahili kujulikana na kila anayebishana. Judith Jarvis Thomson mwaka 1971 alisema: hata tukikubali kwamba kijusi, yaani kiumbe kinachokua tumboni, ni mtu kamili, haki ya kuishi haimpi mtu haki ya kuutumia mwili wa mwingine bila idhini yake. Don Marquis mwaka 1989 alijibu kutoka upande mwingine: ubaya wa kumuua yeyote ni kumnyang'anya maisha yake yajayo, na kijusi kina maisha yajayo kama yetu. Ya kwanza huwa na nguvu zaidi katika kesi ya ubakaji. Ya pili ina nguvu katika kesi nyingi nyingine. Sijakutana na mtu aliyezisoma zote mbili kwa uaminifu kisha akaendelea kuwaita wapinzani wake wauaji au wajinga.

7. Ni sawa kuchunguza au kubadilisha jeni za mtoto kabla hajazaliwa, kwa mfano kwa ajili ya selimundu?

Wazazi wawili wenye jeni moja moja ya selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli, wana uwezekano wa asilimia 25 kwa kila mimba kupata mtoto mwenye ugonjwa wenyewe. Anayewauliza wachumba wapime kabla ya kuoana anawapa habari; anayewaambia “msioane” amewaamulia. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha ushauri wa kijenetiki.

Kuhariri jeni kunahitaji kutenganishwa mara mbili. Tiba inayobadilisha seli za uboho za mgonjwa mwenyewe iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huo huo kwa wagonjwa wa selimundu wenye miaka 12 na zaidi. Inaishia kwake, na maswali yake ni ya hatari na haki: kwa bei ya dola milioni 2.2 iliyotangazwa Marekani, ugonjwa ulioshamiri zaidi Afrika umepata tiba isiyofika Afrika. Kuhariri kiinitete ni jambo jingine, kwa kuwa mabadiliko yatarithiwa na watu ambao hawajazaliwa. He Jiankui wa China alitangaza Novemba 2018 kuzaliwa kwa mapacha aliowahariri ili wasipate virusi vya UKIMWI, hatari ambayo ingeweza kuzuiwa kwa njia zinazojulikana, na mwaka uliofuata mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu. Kosa lake la kimaadili linaonekana hata bila mahakama: watoto walibebeshwa hatari ambayo haikuwa ya lazima kwao.

## Mtoto mchanga na mgonjwa

8. Je, mtoto mchanga anahisi maumivu? Kwa nini hili ni swali la kimaadili?

Anahisi. Ni swali la kimaadili kwa sababu hadi katikati ya miaka ya 1980, hospitali nyingi za nchi tajiri ziliwafanyia upasuaji watoto njiti kwa dawa ya kulegeza misuli na nusukaputi hafifu mno. Mtoto hakuweza kusogea, hakuweza kulia, na kutulia kwake kulihesabiwa kuwa dalili kwamba hana maumivu. Mwaka 1987 daktari Kanwaljeet Anand na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Oxford, ulioonyesha kwamba njiti waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji wa moyo walikuwa na dalili ndogo zaidi za mshtuko katika damu, na walipata madhara machache zaidi baadaye kuliko wasiopewa.

Madaktari hao hawakuwa katili. Waliogopa kwamba dawa ingemuua mtoto, na waliamini kwamba ubongo mchanga haujui maumivu; imani ya pili iliwapunguzia uzito wa hofu ya kwanza. Hapa pana onyo kwa kila anayejadili maumivu ya asiyesema: tukikosea kwa kudhani anahisi, tumepoteza dawa kidogo, tukikosea kwa kudhani hahisi, tumemtesa.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, simama karibu na muuguzi anayechoma kisigino cha njiti ili apate tone la damu. Uso hukunjamana, nyusi hushuka, macho hufumba, mdomo hufunguka. Na kama kooni pana mpira wa mashine, kilio hicho hakina sauti. Muuguzi mzuri hudondoshea ulimi wa mtoto tone la maji ya sukari dakika mbili hivi kabla ya sindano, au humwacha kifuani kwa mama, amefungwa kwa khanga, na kumchoma akiwa hapo hapo. Vyote viwili hupunguza maumivu, na gharama yake karibu haipo.

9. Watoto wawili, mashine moja. Nani aunganishwe?

Kuna vigezo vitatu vinavyotetewa kwa hoja: mwenye matumaini makubwa zaidi ya kupona, aliyefika kwanza, au bahati nasibu pale wanapolingana. Kigezo kisichotetewa kwa hoja yoyote, lakini ambacho kila anayefanya kazi wadini amekiona kikifanya kazi, ni mtoto wa nani.

Sheria za Kenya na Tanzania zina alama ya wiki 28, zinazochukulia umri huo wa mimba kuwa uthibitisho wa awali kwamba mtoto anaweza kuzaliwa akiwa hai. Alama hiyo ni ya kisheria, tena ya zamani, na mfanyakazi asiitumie kama ruhusa ya kumwacha mtoto wa wiki 27 kwenye beseni. Anayepumua apewe joto, amani na mikono ya mtu, hata kama mashine haimfai.

Mkijadili kumwondolea mtoto mashine isiyomsaidia tena, maadili mengi ya tiba hayaoni tofauti ya msingi kati ya kuiondoa na kutoianzisha. Kwa wazazi tofauti ipo, na ni kubwa. Wapewe muda.

10. Wazazi wakikataa tiba inayoweza kumwokoa mtoto, kama kuongezewa damu, daktari afanye nini?

Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kujikatalia damu kwa imani yake, na anapaswa kuheshimiwa. Hawezi kumkatalia mtoto wake kwa uzito ule ule, kwa sababu mtoto hajaichagua imani hiyo bado. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 na ile ya Kenya ya mwaka 2022 zote huweka mbele maslahi bora ya mtoto, na njia halali ni ustawi wa jamii na mahakama, isipokuwa pale dharura inapokuwa ya dakika.

Nyongeza moja: mara nyingi “wamekataa” huwa na maana kwamba mama hana ruhusa ya kuamua kabla baba au bibi hajafika. Kumpigia simu bibi kumeokoa watoto wengi kuliko hati za mahakama.

11. Ndugu wakisema “Dokta, mama asiambiwe ugonjwa wake,” tufuate matakwa ya nani?

Mandhari yake tunaijua. Majibu ya kipimo yametoka, ni saratani, na mtoto wa kwanza wa kiume anamngoja daktari mlangoni kabla hajaingia wodini. Anaomba kwa upendo: akiambiwa atakata tamaa. Katika familia zetu ugonjwa ni wa ukoo mzima, ndio unaolipa, unaolisha na unaolala chini ya kitanda, na ni upuuzi kuwaita ndugu hao wavamizi wa siri.

Hata hivyo ugonjwa ni wa mama kabla ya kuwa wa ukoo. Njia iliyo bora ni kumuuliza yeye mwenyewe mapema, kabla ya majibu: “Mama, majibu yakija, ungependa niyazungumze nawe, au na mwanao, au nanyi nyote?” Akisema “zungumza na mwanangu,” ametumia haki yake, na kumlazimisha asikie ni kosa. Akisema anataka kujua, hakuna ndugu mwenye uwezo wa kulifuta neno lake. Wagonjwa wengi, kwa jinsi wanavyoanza kugawa khanga zao na kuulizia mashamba, wanakuwa wamekwisha kujua, na ukimya wa wote huwaacha na siri hiyo peke yao.

## Saikolojia

12. Nini kilikuwa kibaya katika jaribio la “Albert Mdogo”?

Mwaka 1920, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, John Watson na Rosalie Rayner walimchukua mtoto wa takriban miezi 11 ambaye mama yake aliajiriwa kunyonyesha watoto wa wengine katika hospitali ya hapo. Mtoto hakuogopa panya mweupe. Kila alipomgusa, chuma kiligongwa kwa nyundo nyuma ya kichwa chake. Baada ya muda akaanza kulia kwa kumwona panya tu, kisha sungura na vitu vingine vyenye manyoya. Mtoto akaondoka hospitalini, na hofu hiyo haikuwahi kuondolewa.

Mama yake alikuwa mfanyakazi wa mahali palipofanyiwa utafiti, kwa hiyo hata kama alikubali, hiari yake ina shaka (tazama swali la 3). Na mtoto hakuwa na lolote la kufaidika. Mtu akiniambia kwamba enzi hizo hapakuwa na kanuni, namjibu kwamba hapahitajiki kanuni kumjua mtoto anayelia.

13. Je, mtafiti anaruhusiwa kuwadanganya washiriki?

Wakati mwingine, kwa masharti makali. Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, katika majaribio aliyoyaanza mwaka 1961, aliwaambia washiriki kwamba wanasaidia utafiti wa kumbukumbu, huku wakiamriwa kumpiga mtu mwingine shoti za umeme zisizokuwa za kweli. Katika jaribio linalotajwa zaidi, washiriki 26 kati ya 40 walifika volti 450. Wangeambiwa ukweli mapema, tusingejua chochote.

Lakini waliojifunza jambo hilo kwa uchungu zaidi ni washiriki wenyewe, walioondoka wakijua wao ni watu wa aina gani chini ya amri, bila kuomba kujua. Baadhi hawakuelezwa ukweli wote siku hiyo. Leo kamati za maadili hutaka udanganyifu usiwe na njia mbadala, usimfiche mtu hatari yoyote, na ufichuliwe mapema baada ya jaribio. Naona masharti hayo ni ya haki, mradi la mwisho lisigeuzwe kuwa karatasi ya kusomwa mlangoni.

14. Ni sawa kuwagawa watoto yatima kwa kura, wengine wapelekwe kwa familia na wengine wabaki kituoni?

Hilo lilitokea Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000. Watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwachukua watoto 136 wa vituo vya serikali, wenye umri kati ya miezi sita na 31, na kwa kura nusu yao wakapelekwa kwa familia za malezi zilizogharamiwa na mradi. Waliobaki walipata hali ile ile waliyokuwa nayo. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa walioondoka kabla ya kufikisha takriban miaka miwili.

Watetezi husema familia za malezi karibu hazikuwapo, kwamba hakuna mtoto aliyenyimwa familia iliyopatikana kwa njia nyingine, na kwamba nchini humo wengi waliamini vituo vinatosha. Wapinzani huuliza kama kweli watafiti hao walikuwa na shaka yoyote juu ya jibu. Kura ni halali pale tu hatujui kipi ni bora. Mimi nasimama katikati kwa shida. Ushahidi huo umesaidia kufunga vituo, Romania yenyewe mwaka 2004 ikakataza kwa sheria kuwaweka humo watoto wa chini ya miaka miwili, na unapaswa kusomwa na kila anayejenga kituo kipya cha yatima Afrika Mashariki kwa fedha za wafadhili. Watoto 68 waliobaki ndio walioulipia.

## Utafiti wa tiba kwetu

15. Kwa nini majaribio ya kuzuia VVU kwa watoto miaka ya 1990 yalizua ugomvi?

Mwaka 1994 ilithibitishwa Marekani na Ufaransa kwamba dawa ya AZT, ikitolewa kwa muda mrefu, hupunguza maambukizi kutoka kwa mama hadi kwa mtoto kwa takriban theluthi mbili. Ilikuwa na gharama ya kama dola 800 kwa mama mmoja. Baada ya hapo yalianzishwa majaribio ya dozi fupi katika nchi maskini, ambamo kundi moja la akina mama lilipewa vidonge visivyo na dawa; mojawapo, jaribio la Petra, lilifanyika Tanzania, Uganda na Afrika Kusini. Mwaka 1997 wakosoaji Marekani walisema jambo hilo lisingeruhusiwa kwao. Watetezi walijibu kwamba akina mama hao wasingepata kitu chochote nje ya utafiti, na kwamba swali la hapa lilikuwa kama dozi fupi inashinda kukosa kabisa.

Hoja ya “wasingepata kitu” ndiyo inayonikera. Inauchukua umaskini uliotengenezwa na bei kisha inautumia kama kipimo cha haki. Hata hivyo nakiri kwamba dozi fupi ndizo zilizowafikia akina mama wetu, na kwamba wapo watafiti wa Kiafrika walioyatetea majaribio hayo wakijua wanachokisema. Mapema mwaka 1998, matokeo mazuri ya dozi fupi yalipotoka Thailand, kundi la Petra lisilopewa dawa lilisitishwa.

16. Mtoto yuko mahututi na mama analia. Ridhaa ya utafiti itapatikanaje?

Jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, liliwahusu zaidi ya watoto 3,000 wenye homa kali na dalili za mshtuko, yaani damu kutozunguka vizuri mwilini. Kuwasubiri wazazi wasome kurasa kadhaa kungewaua watoto. Kwa hiyo, pale hali ilipokuwa mbaya, mzazi alielezwa kwa ufupi akakubali au kukataa kwa mdomo, na ridhaa kamili ya maandishi ikaombwa mtoto alipotulia.

Matokeo yaliushtua ulimwengu wa tiba. Watoto waliomiminiwa maji mengi ya dripu kwa haraka, kama miongozo ya kimataifa ilivyoshauri, walikufa kwa asilimia 10.6 katika kundi moja na 10.5 katika jingine, kulingana na aina ya maji, ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa walikufa kwa asilimia 7.3. Bila jaribio, tungeendelea kuua kwa nia njema. Bado linabaki swali gumu ambalo fomu haiwezi kulimaliza: mzazi aliyefiwa kabla ya kuombwa ridhaa kamili aambiwe nini, na lini? Ninaloamini ni kwamba aambiwe, na mtu aliyekuwapo usiku ule, ana kwa ana.

## Kesi za mpakani

17. Mapacha walioungana wanahesabiwa kuwa watu wangapi, na nani anaweza kuamua watenganishwe?

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mapacha walioungana hutokea kiinitete kinapochelewa kugawanyika, karibu na siku ya 13 hadi 15, kisha kisimalize. Wanasimama basi juu ya mpaka ule ule wa swali la 5. Hakuna aliyewahi kuketi nao akatilia shaka kwamba ni wawili.

Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya watoto wawili waliopewa majina ya Jodie na Mary, ambao wazazi wao walikuwa wametoka kisiwa cha Gozo, Malta. Mary aliishi kwa moyo na mapafu ya dada yake. Wakiachwa wangekufa wote, wakitenganishwa angekufa yeye mara moja. Wazazi, kwa imani yao ya Kikatoliki, walikataa. Mahakama iliruhusu, upasuaji ukafanyika Novemba, Mary akafa, Jodie akaishi. Waliokubaliana na hukumu hiyo husema kuokoa mmoja ni bora kuliko kupoteza wote. Waliopinga husema mtoto mmoja aliuawa kwa ajili ya mwingine, jambo ambalo hatungelikubali kwa watoto wawili wasioungana. Nadhani mahakama iliamua sawa, lakini siwezi kusema wazazi walikosea kwa kutoutaka uamuzi huo utoke mikononi mwao.

Kisha walikuwapo Maria na Consolata, mapacha walioungana wa Tanzania, waliozaliwa Makete mwaka 1996, wakalelewa na masista waliowapa majina yao, wakasoma hadi chuo kikuu Iringa. Karibu katika kesi nyingine zote za ukurasa huu mtu fulani alilazimika kumsemea asiyesema. Hawa walikua, wakaulizwa mbele ya waandishi wa habari kama wangependa kutenganishwa, na wakajibu wenyewe kwamba hawataki. Walifariki Iringa siku moja, tarehe 2 Juni 2018.